Kulala na kunywa chai Tanga: yanayosemwa na yaliyopo

Nina miaka 6 mapokezi kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 7 hapa Tanga, ya aina ile inayoitwa "bed and breakfast", ambayo bei ya chumba inabeba na chai ya asubuhi. Nazipenda nyumba hizi, na huniuma mgeni akifika na picha isiyo yake kisha akaondoka amenuna.

Dhana: chai ni ya bure

Imo ndani ya bei. Jioni tunahesabu vichwa, tunanunua mayai, na mama wa jikoni analoweka mbaazi na kukanda unga wa maandazi kabla hajalala. Kwa hiyo anayewahi basi la alfajiri stendi ya Kange ameshalipia mbaazi za nazi ambazo hatazionja. Dawa yake ni kusema usiku uleule. Utafungiwa maandazi na mayai ya kuchemsha, au utapunguziwa kidogo. Ukisema saa 11 alfajiri, begi liko mgongoni, jiko bado halijawashwa.

Ramadhani ndipo haki za watu zinapopotea zaidi. Mtu amefunga, anaiacha chai impite siku tatu mfululizo na wala haulizi. Omba daku badala yake, au futari. Kwetu hatujawahi kumkatalia mtu ombi hilo.

Dhana: ni gesti ileile, imebadilishwa jina tu

Mtindo huu umezoeleka sana Uingereza na Ireland: familia inaishi kwake, inakodisha vyumba viwili vitatu, asubuhi inampikia mgeni. Tofauti iko hapo, kwa mwenye nyumba anayelala chini ya paa moja na wewe. Ndiye atakayekuitia bodaboda anayemjua kwa jina, akueleze uende Mapango ya Amboni saa ngapi kabla jua halijawa kali, na akigundua una mafua utaona tangawizi imeongezwa kwenye chai. Ndiye huyohuyo anayefunga geti mapema na kuamka ukirudi saa 8 usiku. Kuta ni za nyumba ya kuishi, watoto wa wenyewe wanasikika wakijiandaa kwenda shule. Anayetaka kuingia na kutoka bila kuonwa na mtu hatafurahi kwetu. Hoteli yenye mapokezi saa 24 itamfaa zaidi, na simlaumu.

Ila usiamini kibao cha nje. Zipo gesti Ngamiani ambazo mwenyewe yumo ndani na chai ni ya uhakika, na zipo nyumba zenye majina mazuri ambazo asubuhi unapewa chupa ya maji moto na mkate mkavu. Uliza chai ina nini, na inaanza saa ngapi.

Dhana: siku zote ni nafuu kuliko hoteli

Inategemea. Kwanza ujue bei ni ya chumba au ya kichwa, maana kwa wawili hesabu inageuka kabisa. Raskazone utapata upepo wa bahari, lakini ukiwa na shughuli mjini mara tatu kwa siku, nauli inakula ile nafuu yote. Na kama umeiona nyumba kwenye intaneti, piga simu pia: mitandao ya kuwekea nafasi inamkata mwenyeji kamisheni, na wengi hushusha bei kwa anayewapigia moja kwa moja.

Dhana: bila kiyoyozi Tanga hakulaliki

Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, feni, chandarua kizima na dirisha lenye wavu vinatosha. Januari na Februari ni habari nyingine; lipia kiyoyozi, na uulize umeme ukikatika kuna jenereta au hakuna.

Dhana: nyumbani kwa mtu huandikishwi

Unaandikishwa kama kwenye gesti yoyote: jina, kitambulisho, utokako na uendako. Tafadhali usikasirike nikikusogezea kitabu. Hata ndugu zangu wakija kulala hapa nawaandika.