Waliosoma bila kuandika: ushahidi wa rejesta za kanisa la Uswidi

Anayetaka kujua ni watu wangapi wa Ulaya waliojua kusoma kabla ya kuja kwa shule za serikali huanzia, kwa kawaida, kwenye saini. Nchini Uingereza, sheria ya ndoa ya mwaka 1753 iliwataka bwana na bibi harusi watie saini katika rejesta ya kanisa, na asiyeweza kuandika jina lake aliweka alama, mara nyingi msalaba. Mwanahistoria Roger Schofield alizihesabu saini hizo katika sampuli ya parokia mbalimbali, akaona kwamba katikati ya karne ya 18 karibu 60% ya wanaume na karibu 40% ya wanawake waliweza kuandika majina yao. Takwimu hizi zinalinganishika kwa urahisi, na ndiyo maana hunukuliwa sana. Tatizo ni kwamba zinapima kuandika, ilhali swali letu lilikuwa kusoma.

Shule za vijijini za wakati ule zilianza na kusoma, na kuandika kulifuata baadaye. Mtoto wa maskini aliyetolewa shule akiwa na miaka sita au saba ili akafanye kazi huenda alikuwa tayari anaweza kusoma Biblia, lakini kalamu hakuwahi kuishika. Mwanahistoria Margaret Spufford alilionyesha jambo hili kwa Uingereza ya karne ya 17, nami naona hoja yake haijajibiwa hadi leo. Siku ya ndoa mtu huyo anaweka msalaba, nasi tunamwingiza katika hesabu ya wasiojua kusoma. (Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani hapa pwani hatashangaa, kwa kuwa amewaona watu waliohitimu msahafu na wasioweza kuandika barua.)

Uswidi inatupa ushahidi wa aina nyingine kabisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliagiza kwamba watoto na watumishi, wa kike kwa wa kiume, wajifunze kusoma ili waone kwa macho yao wenyewe yale ambayo Mungu ameyaamuru. Serikali haikujenga shule kwa ajili hiyo, bali mzigo uliwaangukia wazazi na mabwana wa nyumba. Mchungaji alipita kila mwaka kuwatahini watu wa usharika wake, nyumba kwa nyumba, na matokeo akayaandika kitabuni. Adhabu ilikuwa nzito: asiyeijua katekisimu (mafundisho ya msingi ya imani) hakuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana, na asiyeshiriki hakuweza kufunga ndoa.

Rejesta hizo sasa zinasomeka mtandaoni bila malipo kupitia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uswidi, na mimi huzifungua mara kwa mara. Ukurasa mmoja huwa ni wa shamba moja. Kwanza anatajwa mwenye nyumba, kisha mkewe, watoto, vijana wa kazi na watumishi wa kike, na mara nyingi mwishoni wajane na maskini wanaotunzwa hapo. Mbele ya kila jina zipo safu: kusoma kitabuni, Katekisimu Ndogo ya Luther, maelezo ya katekisimu yaliyotungwa na Askofu Mkuu Olof Svebilius mwaka 1689, na kiwango cha kuelewa. Katika sharika nyingi alama ni vijistari na nukta, na mchungaji huongeza kistari kadiri mtoto anavyoendelea, hivi kwamba maendeleo ya miaka kadhaa yanaonekana katika alama moja.

Egil Johansson, mtafiti wa Umeå nchini Uswidi, aliyezichambua rejesta hizi kwa wingi, alionyesha kwamba katika karne ya 18 kusoma kulikuwa jambo la kawaida hata miongoni mwa maskini, na kwamba wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Kuandika kulienea baadaye sana, baada ya sheria ya shule ya mwaka 1842. Kwa kipimo cha saini, wengi wa watu hao wangeonekana hawajui kusoma.

Hata hivyo, alama hizi zinahitaji tahadhari. Aliyetahini ndiye aliyewajibika kwa elimu ya usharika, na bila shaka wapo watahiniwa waliokariri kurasa walizozizoea huku wamekishika kitabu mkononi. Kwa sababu hiyo mimi huiamini zaidi safu ya kusoma pale inapotofautiana na safu ya katekisimu, kwa kuwa hapo inaelekea mchungaji alitenganisha kweli kusoma na kukariri.

Ushahidi mwingine kwamba watu walisoma kweli unatokana na vurugu za kidini zilizozuka baadaye. Watu waliofundishwa kusoma kwa amri ya kanisa walianza kukutana majumbani wasome peke yao bila mchungaji, ingawa amri ya mwaka 1726 ilikataza mikutano ya namna hiyo. Wafuasi wa mhubiri Erik Jansson walifika mahali pa kuvichoma hadharani vitabu vya Luther mwaka 1844, wakishikilia Biblia peke yake, na miaka miwili baadaye wakahamia Illinois, Marekani, wakaanzisha makazi ya Bishop Hill. Amri ya mwaka 1726 ilifutwa mwaka 1858. Kuanzia mwaka 1895 rejesta za mitihani zilianza kubadilishwa na rejesta mpya za usharika, na utafiti wa kipindi hicho hutegemea zaidi kumbukumbu za shule.