Je, Barabara Pana Mjini Ndiyo Salama Zaidi?

Wengi huamini kwamba barabara ya mjini ikipanuliwa ajali hupungua, kwa kuwa madereva hupata nafasi ya kukwepana. Imani hiyo ina msingi, maana katika barabara kuu za masafa marefu nafasi ya ziada humwokoa dereva aliyeyumba. Mtaani penye maduka, shule na watu wanaovuka, hali ni tofauti: njia pana humfanya dereva aongeze mwendo bila kujitambua, na gari la kilomita 50 kwa saa, breki zikishakanyagwa, huhitaji umbali unaokaribia mara 3 ya lile la kilomita 30. Mtembea kwa miguu naye hukaa barabarani muda mrefu zaidi. Njia 4 za mita 3.6 kila moja humchukua takriban sekunde 12, na mzee au mtoto huchukua zaidi, jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia mengine yote. Kona pana ya makutano nayo huruhusu gari kukata bila kupunguza mwendo. Msomaji anaweza kujihakikishia kwa kupima upana kwa futi kamba akiwa mahali salama, kuhesabu sekunde za wanaovuka, kisha kulinganisha mwendo wa magari katika mtaa mwembamba na mpana.