Kidato Kilicholika: Majengo ya Umma na Utambulisho wa Mji

Ukiingia katika jengo la zamani la halmashauri ya mji, tazama chini kabla ya kutazama juu. Wageni wengi huvutwa na mnara wa saa, nguzo na nakshi za dari. Lakini pale ngazini, vidato vya mawe vimelika katikati vikawa kama sahani. Hakuna mwashi aliyevichonga hivyo. Ni nyayo za waliokuja kuandikisha watoto, kulipa kodi, kufunga ndoa na kulalamikia mitaro iliyoziba, miaka nenda miaka rudi. Sisi wa kazi ya uhifadhi tukiulizwa jengo fulani lina thamani gani, hutarajiwa tutaje mwaka lilipojengwa na jina la msanifu. Mimi huanzia kwenye kidato.

Mara nyingi utambulisho wa mji huelezwa kana kwamba ni sura yake: rangi ya kuta, upana wa vichochoro, umbo la madirisha. Sura ina nafasi yake, na napigania kuta kama mhifadhi yeyote. Ila kinachomfanya mtu aseme "sisi wa hapa" ni shughuli zinazomkutanisha na wenzake asiowachagua. Katika miji mingi ya kale, mahakama, posta, maktaba, ukumbi wa maonyesho na makumbusho vilijengwa kwa kukaribiana, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Aliyefuata barua alipishana na aliyetoka kusikiliza kesi. Tajiri na mchuuzi walipanga foleni moja. Ofisi hizo zikihamishwa moja moja na kutawanywa pembezoni, huduma huweza kuendelea vizuri tu, lakini kule kukutana hufa, na hakuna anayeandika taarifa ya kifo hicho.

Fikiria sajili, lile daftari kubwa lenye jalada gumu na mistari iliyopigwa kwa rula. Kila ukurasa una safu: jina, tarehe, wazazi, kazi ya baba, saini. Asiyejua kusoma alitia alama ya msalaba au dole gumba, na karani akaandika jina pembeni. Nimewaona watu wazima wakinyamaza ghafla baada ya kukuta dole gumba la babu yao. Mpaka dakika hiyo walijua kwa kusimuliwa tu kwamba familia yao ni ya mji ule. Sasa wanaona mahali ambapo mji wenyewe ulikiri hivyo kwa maandishi.

Ndiyo maana nasema asasi hizi hazihifadhi utambulisho tu, bali huamua nani ni mwenyeji. Mfano mmoja uko Jackson, Mississippi, nchini Marekani. Machi 27, 1961, wanafunzi tisa Weusi wa Chuo cha Tougaloo waliingia katika maktaba kuu ya mji, iliyokuwa ya Wazungu peke yao, wakachukua vitabu, wakaketi kusoma. Polisi waliwakamata. Hawakuvunja kitu wala kumpigia mtu kelele. Kosa lao lilikuwa kuketi kwenye kiti cha umma. Wale waliowakamata walielewa vizuri maana ya kiti kile, na vijana wale walielewa zaidi. Kwa hiyo anayesimulia historia ya jengo zuri bila kutaja waliofungiwa nje yake amesimulia nusu.

Kuna funzo jingine katika maktaba zilizofadhiliwa na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma mzaliwa wa Uskoti. Ya kwanza ilifunguliwa Dunfermline, mji alikozaliwa, mwaka 1883, na hatimaye zikafika zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Carnegie alitoa fedha za jengo, lakini kwa kawaida mji ulitakiwa utoe kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha hizo kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Sharti hilo naliona kuwa na uzito kuliko zawadi yenyewe. Mji uliojifunga hivyo ulilazimika kujadili maktaba kila bajeti, na kitu mnachokigombania kila mwaka mwishowe huwa chenu.

Uzito wa majengo haya huonekana zaidi yanapopotea. Mwaka 1944, baada ya wakazi wa Warsaw, mji mkuu wa Poland, kuasi utawala wa Wajerumani walioukalia, majeshi ya Ujerumani yaliubomoa mji huo mtaa kwa mtaa, na zaidi ya asilimia 85 ya mji mkongwe ikaangamia. Wakazi waliujenga upya, wakitumia michoro ya vipimo iliyookolewa vitani na picha za mji huo alizozichora msanii Bernardo Bellotto katika karne ya 18. UNESCO iliuingiza mji mkongwe huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980, ingawa mawe mengi hayakuwa ya kale. Kasri la Kifalme lilisubiri zaidi: uamuzi wa kulijenga upya ulitolewa 1971, na michango ya wananchi wa kawaida ikabeba sehemu kubwa ya kazi.

Huko Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, hali ilikuwa tofauti kidogo. Agosti 1992, mji ukiwa umezingirwa vitani, mabomu yaliteketeza Vijećnica, jengo la manispaa la mwaka 1896 lililokuwa limegeuzwa Maktaba ya Taifa. Wakutubi na wakazi walijipanga mstari wakipitishana vitabu mkono kwa mkono huku wakipigwa risasi. Jengo lilifunguliwa tena 2014, likiwa limekarabatiwa kwa umahiri mkubwa. Vitabu vingi vilivyoungua havikurudi, kwa sababu ukuta una mchoro wa kuufuatia, lakini mswada wa pekee ukishaungua umekwisha.

Basi mji wako ukitangaza mpango wa kugeuza jengo la umma la zamani, usiridhike na ahadi kwamba sura yake haitaguswa. Uliza ndani patafanyika nini, nani ataingia bila kulipa, na kumbukumbu zilizomo zitapelekwa wapi. Nenda kwenye kikao cha maoni, hata kama mko watano.

Na zile picha za familia zilizopigwa mbele ya mahakama, posta au ukumbi, usiziache bila maelezo. Geuza picha, ilaze juu ya kitu kigumu, kisha kwa penseli laini andika nyuma, pembeni, bila kukandamiza: majina kuanzia kushoto, mahali, mwaka, na aliyepiga. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa mbele, na selotepu huacha doa lisilotoka. Fanya hivyo wakati anayeyajua majina bado yupo wa kuulizwa.