Je, wajua kwa nini paka hujilamba kutwa na bado anahitaji kuchanwa?

Karibu robo ya muda ambao paka yuko macho huishia kwenye kujilamba. Ndiyo maana ukimwambia jirani kwamba unamchana paka wako, atakucheka. Lakini hebu tuutazame huo ulimi.

Paka akikulamba mkononi unasikia unakwaruzwa. Ni miba midogo, mamia kwa mamia, ya keratini kama kucha zetu, na yote imeelekea kooni. Mwaka 2018, Alexis Noel na David Hu wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa ndimi za jamii sita za paka, kuanzia wa nyumbani hadi simba. Walikuta miba mikubwa ina kishimo kwenye ncha, mfano wa kijiko. Kishimo hicho huvuta mate chenyewe kutoka mdomoni na kuyaachia ndani kabisa ya manyoya. Mate husafisha, na yakikauka humpoza paka, ambaye jasho lake hutoka nyayoni tu.

Sasa, mwiba huo una urefu wa milimita 2 hivi. Paka wetu wa manyoya mafupi akigandamiza ulimi, manyoya hulala na miba inafika ngozini. Paka wa Kiajemi ana manyoya mengi mno. Hata yakilala, miba haifiki. Huko chini yanajisokota mabonge, hasa kwapani na nyuma ya masikio, na kila akitembea yanamvuta ngozi. Paka mzee au mnene naye hafikii mgongo wake, hata awe na manyoya mafupi kiasi gani.

Tena, kwa kuwa miba imeelekea kooni, nywele zikishanasa hawezi kuzitema. Anazimeza. Nyingi hutoka na kinyesi, nyingine utazikuta zimetapikwa kwenye zulia. Kila unywele unaobaki kwenye chanuo lako ni mmoja ambao hataumeza.

Mchane akiwa amesinzia. Anza mashavuni na chini ya kidevu, anapopenda kukunwa, ukifuata ulalo wa manyoya. Tumbo liwe la mwisho, na akianza kupigapiga mkia, mwache. Ukikuta bonge usilikate kwa mkasi: ngozi ya paka ni nyembamba na huinuka pamoja na bonge, utamkata. Lishike karibu na ngozi asiumie, kisha chambua kuanzia nchani kidogo kidogo. Likiwa limegandamana na ngozi, mpeleke kwa daktari wa mifugo alinyoe kwa mashine.

Chanuo likitoka na punje nyeusi, ziweke kwenye tishu iliyolowa. Zikichuja wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto: damu ya paka wako iliyokwisha kusagwa. Hapo wengi hukimbilia dawa ya mbwa iliyobaki kabatini. Usithubutu. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, sumu ya kuulia wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuimudu. Humtia mtetemeko na degedege, na huweza kumuua hata ikipakwa mgongoni tu, sembuse akijilamba.