Mtoto wa jicho kwa kichanga mwenye sindromu ya Lowe: yanayosemwa na ukweli wake

Sindromu ya Lowe ni ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao, ulielezwa mara ya kwanza 1952 huko Boston, unawapata karibu wavulana tu, na unagusa macho, ubongo na figo kwa mpigo.

"Bado mdogo, mwacheni akue kwanza." Hapana jamani! Hawa wanazaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na ubongo unajifunza kuona miezi ile ya mwanzo, ukimpeleka ana miaka miwili lenzi yenye ukungu itatolewa sawa lakini kuona kwenyewe ubongo haukujifunza. Madaktari wengi wanalenga wiki ya 6 hadi ya 10, maana kukimbilia kabla ya wiki 4 nako kunaongeza hatari ya presha ya jicho.

"Awekewe lenzi ya bandia palepale, tumalizane." Kwa Lowe kawaida haiwekwi, anavaa miwani minene au kontakti lenzi. Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia vichanga 114 wenye mtoto wa jicho upande mmoja, waliowekewa lenzi ndio walirudishwa thieta mara nyingi zaidi, na haikuwakinga na presha ya jicho.

Linaloniuma zaidi ni hili, "ameshafanyiwa, kapona." Karibu nusu ya wavulana hawa wanapata presha ya jicho, wengine hata kabla ya operesheni, wengine miaka mingi baadaye, na jicho la kichanga ni laini kwa hiyo presha ikipanda linatanuka, ndugu wanakuja wanasifia mashallah macho makubwa mazuri, kumbe mshipa wa kuonea unakufa taratibu. Machozi yasiyoisha, kukwepa mwanga, kioo cha mbele kuingia ukungu, ukiona hivyo usingoje tarehe ya kliniki. Wengine wanaota kovu nene kwenye kioo hicho hata pasipoguswa.

Na "ni macho tu"? Figo zao zinamwaga potasiamu, fosfeti na baikabonati kwenye mkojo, damu inakuwa na asidi, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi lazima aambiwe na vipimo vya damu viwe tayari kabla ya nusu kaputi.

Halafu mama anaambiwa karogwa. Hitilafu iko kwenye jeni (kipande cha maagizo ya urithi) iitwayo OCRL, iliyoko kwenye kromosomu X, wakati mwingine inaanzia kwa mtoto mwenyewe. Mama anayeibeba anaona vizuri tu ila mara nyingi lenzi zake zina vidoti vidogo, kwa hiyo muombe daktari ampime na yeye macho siku hiyohiyo, inasaidia kuugundua ugonjwa wa mtoto mapema.