Kuishi Oysterbay: kijiji ni cha wanaotembea kwa miguu

Watu wakisikia naishi Oysterbay, Dar es Salaam, huuliza kwanza kodi ni shilingi ngapi, kisha huuliza, "Huko si hakuna watu?" Mimi ni mtaalamu wa mipango miji, na nimepanga nyumba ndogo ya uani nyuma ya jumba la zamani. Watu wapo, tena wanajuana hasa. Ila wengi wao hawamiliki hata hatua moja ya ardhi hapa.

Utulivu wa mtaa huu ulipangwa. Enzi za Waingereza mji uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mpango wa mji wa 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulizungumza kwa lugha ya ujazo, yaani wingi wa nyumba na watu katika eneo: Oysterbay ujazo wa chini, Upanga wa kati, Kariakoo na Ilala wa juu. Matokeo yakawa yale yale. Ndiyo maana viwanja ni vikubwa, nyumba imekaa katikati, miti imeachwa ikue, na uani kuna banda la mtumishi, kama hili ninalolala. Baada ya uhuru wakaingia viongozi na watumishi wa Serikali. Miaka ya mwanzo ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, na tangu hapo viwanja vinabadilika kimoja kimoja: nyumba ya chini inavunjwa, linapanda ghorofa.

Njoo saa kumi na mbili asubuhi. Walinzi wanabadilishana zamu. Madada wa kazi wanashuka kwenye daladala za Masaki na kushika njia kwa makundi, wakiachana geti kwa geti. Muuza samaki anatokea Msasani kijijini na beseni lake. Chini ya mwarobaini kwenye kona yetu, mama wa chapati ameshakoleza mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo unywe hapa hapa, vikombe vya kubebea vimeisha."

Pembeni ya karai ana daftari la madeni, limejaa madoa ya mafuta. Wateja wameandikwa kwa mageti: Geti la Kijani, chapati tatu, Ghorofa Jipya, chai mbili, Mbwa Mkali, supu. Mlinzi akifiwa, mchango unapita kwa daftari hilo hilo na jioni nauli ya kwenda kuzika imeshapatikana. Nimefanya kazi kwenye mitaa mingi ya mji huu, na ni michache niliyokuta msaada unafika haraka hivyo.

Wakazi wa majumba nao wanatoka na magari yenye vioo vya tinti, na jirani yao wanamjua kwa mlio wa jenereta lake tu. Siwalaumu. Wengi ni wapangaji wa mikataba mifupi, wengine ni wanadiplomasia wanaohamishwa kabla hawajazoea. Lakini ukuta mrefu una kazi yake pia. Ulipokuwapo ua wa michongoma watu walisalimiana wakiwa barazani. Juu ya ukuta wenye nyaya za umeme salamu haipiti. Mahali pekee nionapo matajiri na wapita njia wakila pamoja ni Coco Beach jioni, kwenye mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili. Ufukwe ule ukifungwa, Oysterbay itabaki kuwa mageti matupu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni maji ya mvua. Kiwanja kikubwa chenye udongo na miti hunywa mvua. Sasa mwenye ghorofa anatandaza matofali ya pevingi uani kote ili magari yapate maegesho, na maji yanakimbilia barabarani. Katika kata hii hii ya Msasani kuna Bonde la Mpunga, mahali pa chini palipokuwa pakilimwa mpunga, leo pamejaa nyumba zilizobanana. Njia za maji za asili zimezibwa na majengo, hivyo mvua za masika zikikolea watu wanaamka vyombo vinaelea. Katika madada wanaoshuka kona yetu asubuhi, wapo wanaotoka huko. Anayefagia pevingi mchana ndiye anayechota maji chumbani kwake usiku.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, wenye majumba hawaji. Ofisi ya serikali ya mtaa wanaikumbuka wakihitaji barua ya utambulisho. Mimi nitakwenda na hoja mbili. Moja, anayejenga aache sehemu ya kiwanja ikiwa udongo mtupu, na ikaguliwe. Pili, mama wa chapati apewe kibali cha kudumu cha kukaa chini ya mwarobaini wake, asiishi kwa hofu ya kufukuzwa na mgambo. Hiyo ya pili naamini itapingwa zaidi, kwa hiyo nitaanza nayo.