Henry wa Pili ndiye anayetuhusu

Nikimtaja Mfalme Henry darasani, wanafunzi wangu wa sheria wanamfikiria Henry wa Nane na wake zake sita. Siwashangai. Wake wawili walikatwa vichwa, na picha aliyochorwa na Hans Holbein imeifanya sura yake ijulikane dunia nzima. Ugomvi wake na Papa nao ulibadilisha dini ya Uingereza, hilo simnyimi. Ila kwa yeyote aliyewahi kuwa na kesi Nairobi au Dar es Salaam, mwenye uzito ni Henry wa Pili, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189.

Wanaomjua humkumbuka zaidi kwa kifo cha Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa la Canterbury mwaka 1170. Mimi namkumbuka kwa mashamba.

Alirithi nchi iliyotoka vitani, watu wameporana ardhi kila upande. Akaweka utaratibu: ukinyang'anywa shamba, unachukua hati ya mfalme ya kufungua kesi. Sherifu, yaani ofisa wa mfalme wa eneo hilo, anaita majirani 12, wanakwenda kuliona shamba lenyewe, kisha majaji wa mfalme wanawauliza jambo moja tu: je, huyu alimtoa mwenzake pale bila haki na bila hukumu? Nani hasa mwenye ardhi, hiyo ni kesi nyingine. Aliyetolewa kwa mabavu arudishwe kwanza. Wanasheria wa karne iliyofuata waliandika kwamba wazo hilo lilipatikana kwa kukesha usiku mwingi, nami naamini.

Mwaka 1176 akaigawa nchi katika mizunguko sita, kila mmoja na majaji watatu. Kwa kuwa walitoka kwa mfalme mmoja wakaenda mikoani, kanuni zao zikaanza kufanana, na desturi za kila mtaa zikapungua nguvu. Huo ndio msingi wa sheria ya Kiingereza inayojengwa na hukumu za majaji.

Sheria hiyo ililetwa kwetu na ukoloni, na bado ipo vitabuni: Kenya inaipokea pamoja na sheria za jumla zilizotumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897; Tanzania Bara, tarehe yake ni 22 Julai 1920. Wakili anayesimama leo kudai kwamba hata mwenye hati ya kiwanja hana ruhusa ya kumtoa mtu kwa mabaunsa usiku, bila amri ya mahakama, anatetea hoja ambayo wale majirani 12 wangeielewa mara moja.